Randa na Kisogo Chake

Randa yangu ya kwanza ya mti niliipata Kitale, kwa muuza vyuma vikuukuu aliyeichanganya na majembe yasiyo na mipini. Urefu wake ni kama dhiraa moja, na haina skrubu hata moja. Kuna gogo la mti lililochongwa, kisu cha chuma kilicholala kwa pembe ya kama digrii 45, na kabari ya kukibana. Nilidhani nimenunua pambo la sebuleni. Mwaka wa tatu unakatika sasa, na sijui kazi nyingine ya mikono inayonituliza kama hii.

Jina lake tunalishiriki na watu wa mbali. Wahindi husema randa, Waajemi vivyo hivyo kwa matamshi yao, na kwa Waajemi neno hilo hutaja pia kifaa cha jikoni cha kukwaruzia karoti. Lilipofika kwetu likazaa: yale magamba membamba yanayotoka mdomoni mwake tukayaita maranda. (Kurandaranda mitaani ni neno jingine kabisa.)

Kinachonivutia zaidi ni kitenzi. Hatusemi “kusukuma randa”, ingawa mwili wote unasukuma, kuanzia kisigino hadi bega. Tunasema kupiga randa, kama kupiga pasi au kupiga deki: kupitisha kitu juu ya uso hadi uso ukubali. Lakini randa ya mti hupigwa kwelikweli. Hilo nilifunzwa Bungoma, katika karakana ya mzee mmoja niliyempelekea yangu baada ya kuniharibia ubao wa mvule. Nyuzi za mvule hupishana, na ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa vinavyofanya kisu kiwe butu. Ukienda kinyume cha nyuzi, ubao hung'oka vipande.

Mzee alikinoa kisu, akapapasa upande wa nyuzi kwa kidole, kisha akanipa nyundo ya mti. “Ukitaka ile kidogo, mwanangu, igonge kisogoni. Ukitaka ile zaidi, gonga kisu. Halafu kaza kabari.”

Kisogoni! Sikuwahi kulisikia neno hilo likisemwa kuhusu chombo, na sijalitafutia jingine tangu siku hiyo. Skrubu za kurekebishia kisu zilienea na randa za chuma za Marekani katika karne ya 19. Kabla ya hapo, hata kwa Warumi ambao randa zao zimefukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkeno mwaka 79, kisu kilishikwa na kabari. Anayerekebisha randa kwa kuigonga anahitaji jina la kila mahali pa kugonga, na mwili wa binadamu unatupa majina hayo bila kukopa: mdomo, pale maranda yanapotokea; wayo, sehemu ya chini inayokanyaga ubao; kisogo, nyuma. Kisu wengine wangekiita ulimi kwa kuwa kiko mdomoni. Mimi nakataa, kwa sababu kwa seremala ulimi ni ile ncha ya ubao inayoingia tunduni, na ndimi mbili kwenye meza moja zitaleta hasara. Kisu kinatosha.

Niliporudi Kitale niliuchukua ule ubao wa mvule uliochubuka. Kisogoni mara mbili, kabari mara moja. Randa ikaanza kutoa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa polepole, na utepe mmoja ukapanda kutoka mdomoni, mwembamba hata niliona mwanga wa dirisha kupitia kwake. Maranda ya mashine huwa vipande vifupi na huishia chini ya kuku. Huu ulikuwa mrefu kama ubao wenyewe. Binti yangu aliuzungusha kifundoni akauvaa kama bangili, nao ukakaa hapo hadi jioni, ukinukia mti.