Kingamwili: kutoka damu ya farasi hadi kipimo cha malaria

Ukienda zahanati na homa, unatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kisha mnasubiri mstari. Umewahi kujiuliza ni nini kinachouchora ule mstari? Ni kingamwili zilizofungwa rangi. Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kutambua kitu kigeni na kukishika. Hebu tuone zilifikaje kwenye kile kiplastiki.

Turudi Berlin, mwaka 1890. Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba seramu ya mnyama mwenye kinga dhidi ya pepopunda inaweza kumkinga mnyama mwingine. Baadaye farasi wakawa ndio kiwanda cha seramu. Tatizo? Kila seramu ilikuwa mchanganyiko wa kingamwili za namna nyingi. Farasi akifa, seramu yake imekwisha, na ya farasi mwingine hailingani nayo.

Kila seli B hutengeneza kingamwili ya aina moja tu, lakini ukiitoa mwilini inakufa upesi. Seli za saratani zenyewe huendelea kugawanyika tu. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli za bandama la panya aliyechanjwa na seli za saratani ya panya. Wakapata haibridoma: seli isiyochoka kugawanyika, inayotoa kingamwili ileile kila siku. Njia hiyo haikuwekewa hataza, kwa hiyo maabara nyingi ziliichukua. Mwaka 1984 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Sasa, kutambua kitu kimoja tu ndiyo nguvu ya kingamwili hizi, na ndio udhaifu wake pia. Vipimo vingi vya malaria barani Afrika hutafuta protini ya HRP2 inayotolewa na Plasmodium falciparum. Kimelea kilichopoteza jeni ya protini hiyo kinaweza kupita bila kuonekana: mgonjwa anaumwa, mstari hautokei. Eritrea ililazimika kubadili vipimo mwaka 2016 kwa sababu hiyo.

Basi wewe unayeanza kazi ya maabara, kabla ya kufungua kichupa jiulize: kingamwili hii inatambua nini hasa? Imeshajaribiwa kwenye sampuli ambayo una hakika haina kitu hicho? Na kwenye ile ambayo una hakika inacho? Igawanye kwenye vichupa vidogo, usiigandishe na kuiyeyusha mara kwa mara, maana huharibika na kushindwa kushika. Halafu usikimbilie kuandika "hakuna". Huenda kitu hakipo kweli, huenda kingamwili yako imekufa, au huenda kitu kipo ila kimebadilika. Zahanati, tofauti kati ya majibu hayo matatu ni mgonjwa kupata dawa au kurudi nyumbani bila dawa.