Isukuti ya Malinya: Uwanja na jukwaa vyavutana

ISUKUTI ni ngoma ya jamii za Isukha na Idakho, ambazo ni sehemu ya Waluhya wa Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Jina hilo limetokana na ala yenyewe. Ngoma zinazopigwa huwa tatu, kubwa, ya kadiri na ndogo, na kila seti huchukuliwa kuwa jamaa moja isiyotenganishwa. Kiswahili, ambacho huita kwa neno moja chombo kinachopigwa na mchezo unaochezwa, hakipati taabu kulieleza jambo hili.

Mashabiki wa ngoma hii wana ubishi mmoja ambao haujapata kwisha. Upande mmoja husema kwamba isukuti ya kweli ni ile ya uwanjani, hususan Malinya, inayopigwa fahali wanapoongozwa kwenda kupigana. Upande wa pili hujibu kwamba ngoma iliyopangwa, ikavishwa sare na kuchezwa mbele ya waamuzi katika Tamasha la Kitaifa la Muziki, nayo ni isukuti, tena ndiyo iliyoifikisha ngoma hii mbali zaidi. Kwa msikilizaji wa mbali ubishi huu waweza kuonekana kama wa mavazi na mapambo tu. Kumbe unahusu nani mwenye haki ya kusema kwamba ngoma imechezwa vizuri.

Malinya ni kituo kidogo cha biashara katika eneo bunge la Ikolomani, nchi ya Waidakho, kusini mwa mji wa Kakamega, kwenye barabara itokayo Sigalagala kuelekea Butere. Sifa yake kubwa ni uwanja wake, ambao pamoja na viwanja vya upande wa Isukha kama Khayega umekuwa makao ya mapigano ya mafahali. Mapigano haya hayafanani na yale ya Uhispania. Hapana mtu mwenye upanga wala kitambaa chekundu. Fahali wawili huletwa, hukutanishwa vichwa, na yule anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa. Mwenye fahali mshindi hupata heshima ambayo wanasiasa wa eneo hilo wameitambua tangu zamani. Boni Khalwale, aliyechaguliwa seneta wa Kakamega mwaka 2013 na tena mwaka 2022, amejijengea jina kitaifa kwa ushabiki wake wa mchezo huu.

Ngoma haingoji uwanjani. Huanzia nyumbani kwa mwenye fahali, asubuhi na mapema, na humfuata mnyama njiani huku umati ukizidi kuongezeka kila anapopita penye boma au njia panda. Wanaume hushika matawi, pembe hulia, na kiongozi wa wimbo husimulia fahali ni wa nani, amezaliwa wapi, amewashinda akina nani. Wanaoitikia hukimbia wanapoitikia. Hakuna anayejua wimbo utachukua muda gani, kwa kuwa hakuna anayejua safari itachukua muda gani, wala fahali watakubali kupigana au watatazamana tu na kuanza kula majani.

Katika hali ya kawaida, isukuti huchezwa kwa mistari, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mabega ndiyo hufanya kazi kubwa. Hutikiswa kwa kasi, huku miguu ikifuata mdundo. Pamoja na ngoma tatu kuna pembe ya swara na njuga za chuma za aina mbalimbali. Ngoma hutengenezwa kwa gogo lililochimbwa, na kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge, ambayo ni nyembamba na hutoa sauti kali inayosikika mbali. Wapigaji huzibeba ngoma hizo kwa ukanda begani au kuzibana kwapani. Hili si jambo dogo, kwani maana yake ni kwamba isukuti ni ngoma ya kutembea. Anayeikalisha mahali pamoja amekwisha kuibadilisha kabla hajapiga hata pigo la kwanza.

Matumizi yake ni mengi. Huchezwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotahiriwa, bibi arusi anapochukuliwa, kiongozi anaposimikwa, na katika michezo na sikukuu. Huchezwa pia msibani. Anapofariki mzee mwenye heshima, hufanyika shilembe, kumbukumbu ambayo fahali huletwa nyumbani kwa marehemu kwa nyimbo na ngoma. Mgeni aliyeizoea isukuti kwenye arusi za Nairobi hushtuka akiikuta matangani, na pengine hudhani kwamba wenyeji hawana huzuni. Lakini ngoma ni ile ile, na kinachobadilika ni maneno ya kiongozi wa wimbo.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kiongozi wa wimbo katika isukuti haimbi maneno aliyoyakariri tu. Ana hazina ya mafumbo, majina ya koo na vijembe, na kazi yake ni kuchagua, papo hapo, kinachofaa kwa mtu aliye mbele yake na tukio lililopo. Kama mwenye fahali ni bahili, ataambiwa. Kama marehemu alipatanisha ndugu waliogombana, atasifiwa kwa hilo, na ndugu hao wakiwapo watatajwa. Wapigaji humsikiliza na kumfuata. Umati nao humhukumu hapo hapo, ama kwa kuitikia kwa nguvu au kwa kunyamaza.

Sasa tuitazame isukuti ya jukwaani. Tamasha la Kitaifa la Muziki la Kenya lilianzishwa mwaka 1927, enzi za ukoloni, likiwa shughuli ya Wazungu. Baadaye lilifunguliwa kwa Waafrika, na baada ya uhuru ngoma za asili zikapata nafasi yake miongoni mwa mashindano ya shule na vyuo. Shule hupanda ngazi kutoka mashinani hadi taifa, na washindi hupata fursa ya kutumbuiza mbele ya rais. Isukuti ni miongoni mwa ngoma zinazopendwa mno katika mashindano hayo, na haichezwi na shule za Kakamega pekee. Wanafunzi ambao hawajui neno moja la Kiidakho wamefundishwa kutikisa mabega na kuitikia.

Jukwaa lina sheria zake. Wimbo una dakika zilizowekwa, na kikundi kinachozidisha hukatwa alama. Wachezaji hawana budi kuingia, kujipanga, kucheza na kutoka. Waamuzi huketi upande mmoja, kwa hiyo ngoma ambayo uwanjani haina mbele wala nyuma huelekezwa upande huo mmoja. Mavazi hulinganishwa na tabasamu hufundishwa. Maneno huandikwa mapema, yakakaririwa, na katika madaraja ya nyimbo zilizotungwa upya hubebeshwa ujumbe kuhusu ukimwi, dawa za kulevya, uhifadhi wa misitu au amani wakati wa uchaguzi.

Wanaoshikilia isukuti ya uwanjani huliona hilo kama kuipunguza ngoma hadi ikawa maonyesho. Hoja yao ina uzito, ingawa mara nyingine huitetea vibaya. Wengi hulalamikia sare, au vitambaa vya dukani vilivyochukua mahali pa mavazi ya zamani. Lakini mavazi hubadilika katika kila ngoma ya dunia, na hata wale wanaomkimbiza fahali Malinya leo huvaa jezi za klabu za Ulaya na kandambili. Wengine hulalamikia vipaza sauti. Hapo wana haki zaidi. Kipaza sauti kikiwekwa mdomoni mwa kiongozi, sauti yake huwafunika wanaoitikia. Kikiwekwa mbele ya ngoma kubwa, ile ndogo humezwa, na mazungumzo ya ngoma tatu huwa hotuba ya ngoma moja.

Ubishi wa namna hii si wa Kakamega pekee. Mnamo Julai 1965, Bob Dylan alipopanda jukwaa la tamasha la nyimbo za asili la Newport, nchini Marekani, akiwa na gitaa la umeme na bendi ya roki, sehemu ya hadhira ilimzomea. Zaidi ya nusu karne baadaye, wapenzi wa muziki wangali wakivutana. Wapo wasemao watu walichukizwa na umeme wenyewe, wapo wasemao mitambo ilitoa sauti mbovu, na wapo wasemao walikasirishwa na ufupi wa onyesho. Wote walisikiliza onyesho lile lile. Tofauti ni kile ambacho kila mmoja alikwenda kukitafuta.

Watetezi wa jukwaa, wengi wao walimu, wana hoja ambayo wazee wa Malinya huona shida kuijibu. Huuliza hivi: ni wapi pengine ambapo kijana wa leo atajifunza isukuti? Mwezi Novemba 2014, katika kikao kilichofanyika Paris, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO, liliiingiza ngoma ya isukuti katika orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Kwa upande wa Kenya, kaya za Wamijikenda zilikuwa zimetangulia katika orodha hiyo mwaka 2009. Mila za Wamaasai za kupandisha vijana rika zilifuata mwaka 2018, na desturi zinazohusiana na mwamba wa Kit Mikayi mwaka 2019.

Orodha hiyo si ya sifa. Sababu zilizotajwa ni za kutia wasiwasi. Mafundi wengi wa isukuti ni wazee wasio na warithi. Fedha na vifaa vya kutengenezea ala na mavazi ni haba. Watunzi hukimbilia muziki unaouzika, na hadhira nayo hutafuta burudani za kisasa. Mwenye arusi aliyekuwa akialika wapigaji wa kijiji siku hizi hukodi spika kubwa na mtu wa kuchezesha muziki, na pengine hupata ndani yake wimbo wa isukuti uliopigwa kwa kinanda cha umeme. Janga la korona, lililofunga shule za Kenya Machi 2020 na kuzuia mikusanyiko, lilinyamazisha uwanja na jukwaa kwa pamoja.

Ni kweli, basi, kwamba shule zimeokoa mengi. Hatua zimehifadhiwa, mdundo umehifadhiwa, na maelfu ya vijana wamewahi kuishika ngoma ile mikononi. Hata Bomas of Kenya, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1971 jijini Nairobi, imetoa mchango kwa kuionyesha isukuti kwa watalii na kwa Wakenya wa jamii nyingine. Kosa ni kudhani kwamba palipo na hatua na mdundo ngoma imekamilika. Jukwaa hufunza kuitikia. Halifunzi kuongoza. Mwanafunzi aliyeshinda ngazi ya taifa akipewa leo nafasi ya kuongoza wimbo kwenye shilembe ya mzee asiyemfahamu, hatakuwa na la kusema, maana alichojifunza ni wimbo mmoja wenye dakika zake. Kinachopotea kwanza katika isukuti ni kiongozi wa wimbo, wala si ngozi ya kenge au pembe ya swara.

Uwanja nao usidhaniwe kuwa salama. Kuna Wakenya wanaoyapinga mapigano ya mafahali kwa kuwahurumia wanyama, na kuna wanaoyaogopa kwa sababu umati na fahali aliyekasirika si majirani wema. Siku mchezo huo utakapopigwa marufuku, Malinya itapoteza shughuli inayowakusanya pamoja wapigaji, kiongozi na umati wa kumhukumu. Hilo halisemwi sana na wapenzi wa ngoma, labda kwa kuwa kulisema ni kukubali kwamba usanii wao umefungwa kwenye shingo ya mnyama.

Sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa, na mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii. Hata hivyo, sheria hulinda jamii isiibiwe ngoma yake. Haiwezi kumlazimisha kijana wa Ikolomani akae na mzee miaka kumi akijifunza majina ya koo na mafumbo yake. Njia rahisi zaidi ingekuwa kubadilisha kanuni moja ya mashindano: kiongozi wa wimbo apewe tukio au jina papo hapo jukwaani, atunge, na alama zitolewe kwa hilo. Waamuzi wasiojua Kiidakho wala Kiisukha wangelazimika kuketi na mzee anayezijua lugha hizo.

Kuna mahali pa tatu ambapo ubishi wa uwanja na jukwaa hausikiki kabisa, napo ni kwenye viti vya mashabiki wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya. Huko Nairobi, mbali na Malinya, ngoma za isukuti hupigwa mechi nzima. Hakuna mwamuzi wa muziki, hakuna dakika zilizotengwa zaidi ya zile tisini, na maneno hutungwa kulingana na mchezo: mlinda lango aliyeteleza hutajwa kwa jina, na mahasimu wao Gor Mahia hupata vijembe vyao hata siku ambayo si wao wanaocheza. Goli likifungwa, wimbo hubadilika kabla mfungaji hajafika kwenye kibendera cha kona.