Mnada wa Mtandaoni na Taarifa za Korosho Ghalani

Mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, sasa unatumia minada ya mtandaoni ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mkulima hufikisha korosho zake katika chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), ambako hupimwa uzito na kupangwa daraja kabla ya kusafirishwa hadi ghala kuu. Kiasi, daraja na ghala husika huorodheshwa ili wanunuzi wote wazione taarifa hizo kabla ya kutaja bei. Bei zinazopatikana husomwa mbele ya wakulima, nao huamua kuuza au kukataa. Utaratibu huo unaidhoofisha biashara ya kangomba, ambayo hustawi pale mkulima asipoijua bei ya soko.

Hata hivyo, taarifa za mtandaoni hutegemea uaminifu wa anayepokea mzigo. Korosho zenye unyevu zikiandikwa daraja la kwanza, mnunuzi aliyeuziwa hupunguza bei ya ghala hilo katika mnada unaofuata, na hasara humfikia hata mkulima aliyezianika zake vizuri.