Tembo wa Mlangoni: Kwa Nini Uingie Karakana Kabla ya Kuamini Hadithi

Ukitembea Mji Mkongwe, Unguja, hutafika mbali kabla hujasimuliwa habari ya tembo. Utaoneshwa mlango mkubwa wenye njumu za shaba zilizochongoka, kisha utaambiwa: hizi ni za kuzuia tembo wa vita wasiuvunje mlango. Hadithi tamu. Lakini hebu geuka uangalie kichochoro ulichosimama. Mkokoteni na pikipiki vinapishana kwa taabu. Huyo tembo angepita wapi?

Simulizi hii ina asili yake. Huko India, milango ya ngome ilipigwa misumari mirefu kwa sababu tembo walitumika vitani kweli. Wafanyabiashara wa Kachchh na Gujarat walipohamia Unguja walikuja na mtindo huo. Umbo likavuka bahari, tembo wakabaki kwao.

Sasa, njumu zinafanya kazi gani hapa? Ingia karakana ya fundi wa milango, umwombe akuoneshe upande wa nyuma. Ubao wa mlango si kipande kimoja. Ni mbao kadhaa zilizopangwa wima, zikashikwa na mbao za kulala kwa nyuma. Msumari ndio unaozifunga pamoja, na kichwa cha shaba kinauficha. Halafu shaba ni ghali na inang'aa, kwa hiyo inatangaza pia mfuko wa mwenye nyumba. Jibu hilo limekaa nyuma ya mlango, mahali ambapo wapita njia hawaangalii.

Utajiri huo ulitoka wapi? Sultani Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja kutoka Oman mnamo mwaka 1840. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa vilileta fedha nyingi, na nyumba za mawe na chokaa zikaongezeka. Milango ya zamani zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyooka. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, hasa wakati wa Sultani Barghash (1870–1888), ile yenye tao juu na maua mengi ya mtindo wa Kihindi ikashika kasi. Kwa hiyo hata kabla hujasoma andiko lolote, umbo la juu linakupa fununu ya umri.

Karakana itakufundisha na fizikia kidogo. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, kisha hukauka ikasinyaa. Mabadiliko hayo ni makubwa kwa upana wa ubao, lakini kwa urefu ni madogo mno. Unguja yenye masika na kiangazi, mlango wa mbao mbili hauwezi kubana sawasawa mwaka mzima. Ndipo unapoona akili ya mfaa, ule mhimili wa katikati uliochongwa nakshi. Umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu na kuufunika mwanya kati yake na wa pili. Mwanya ukipanuka au ukipungua, wewe wa nje huoni. Ndiyo sababu pia msaji ulioagizwa kutoka Asia ulipendwa: hausinyai sana na mchwa hawaupendi.

Tuje kwenye jambo zito zaidi. Milango mingi ina pambo la mnyororo pembezoni mwa fremu. Baadhi ya watembezaji husema ni alama kwamba mwenye nyumba aliuza watumwa. Wengine husema ni ulinzi wa nyumba. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi kwa kila mlango, na nakshi isiyo na maandishi haiwezi kutoa ushahidi peke yake. Utumwa wa Zanzibar una ushahidi mzito usiohitaji kubahatisha: mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa, amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, na kanisa la Mkunazini lililojengwa palepale sokoni. Tukianza kuwasoma watumwa kwenye mapambo, tunawapunguzia uzito waliouliwa na biashara ile. Na tunaweza kumsingizia mtu aliyependa mnyororo kwa uzuri wake tu.

Kama mlango una mwaka uliochongwa, huo ni ushahidi unaoweza kuusoma mwenyewe. Mara nyingi ni mwaka wa Hijria. Mwaka wa mwezi una takriban siku 354, kwa hiyo zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mfano: 1300 × 0.97 ni 1261, ukiongeza 622 unapata 1883, mwaka ambao Beit al-Ajaib ilijengwa. Jibu linaweza kupishana kwa mwaka mmoja hivi, si zaidi.

Tunaitaja Beit al-Ajaib kwa sababu nyingine pia. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo hilo iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wakapoteza maisha. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haichongi mfaa. Anayechonga ni fundi, na fundi anakula kwa anachouza. Wageni wote tukinunua vijisanduku vya zawadi tu, kijana anayejifunza leo atajua vijisanduku tu.

Basi siku ukiingia karakana, "hii ina maana gani?" iache mwisho. Anza na haya: Hii ni mbao gani? Kwa nini umeikata kufuata nyuzi hivi? Kiungo hiki kinashikwa na nini? Nani alikufundisha? Majibu yake yanaweza kupimwa palepale, kwa macho na kwa vidole. Ukitoka, lipia muda wa fundi. Umesomeshwa, na ada ya mwalimu hailipwi kwa picha.