Hisa zikigawanywa, akaunti ya mwanahisa husomekaje?

MWANAHISA anayepitia taarifa ya akaunti yake kwa dalali anaweza kushtuka akikuta bei ya hisa zake imeanguka kwa asilimia 90 katika siku moja, ilhali kampuni haijapata hasara yoyote. Huenda hisa hizo zimegawanywa.

Mkulima wa mpunga wa Mabogini, nje kidogo ya mji wa Moshi, atalielewa jambo hili upesi kuliko wasomi wengi: gunia la kilo 100 likigawanywa katika mifuko kumi ya kilo kumi kumi, mpunga ni uleule.

Katika kumbukumbu za dalali, mgawanyo huonekana kama ingizo lisilo na fedha. Idadi ya hisa huongezeka, lakini hakuna malipo yanayoandikwa. Aliyenunua hisa 100 kwa Sh200 kila moja, zikagawanywa kumi kwa moja, anapaswa kuonekana na hisa 1,000 zilizonunuliwa kwa Sh20. Jumla inabaki Sh20,000.

Tatizo huzuka pale bei mpya inapotangulia kuonekana kabla ya hisa za nyongeza kuingizwa, au bei ya ununuzi inapoachwa bila kurekebishwa. Taarifa huonyesha hasara ambayo haipo, na mwenye haraka huuza.

Hisa za bonasi nazo huingia bila malipo, hivyo huchanganywa na mgawanyo. Tofauti iko kwenye thamani iliyoandikwa kwa kila hisa: bonasi haiigusi, mgawanyo huipunguza. Benki ya KCB ya Kenya ilipogawanya hisa zake mwaka 2007, thamani hiyo ilishuka kutoka Sh10 hadi Sh1 za Kenya. Equity ilifuata mwaka 2009, kutoka Sh5 hadi senti 50.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni Barclays ya Kenya, iliyogawanya hisa tano kwa moja mwaka 2006, kisha nne kwa moja mwaka 2011. Mwaka 2020 ikabadili jina na kuwa Absa. Warithi wanaokuta sandukuni cheti cha hisa 100 cha mwaka 2005, na hakuna hisa iliyowahi kuuzwa, wasiulizie hisa 100 za Barclays. Waulizie hisa 2,000 za Absa, na wadai kuonyeshwa maingizo yote mawili.