Chuo, Skuli na Ulimi: Matamshi ya Kiingereza Kisiwani Mafia

Kisiwa cha Mafia hakikungoja Waingereza ndipo kijue namna ya kumfunza mtoto matamshi ya lugha ya kigeni. Kabla ya skuli ya serikali kilikuwapo chuo. Mtoto aliketi mkekani mbele ya mwalimu wake, akaanza na alifu, akafuatisha sauti aliyoisikia. Elimu ya tajwidi ilimwonyesha makazi ya kila herufi: hii hutoka kooni, hii kaakaani, hii baina ya ulimi na meno. Aliyekosea alirudishwa papo hapo, pengine kwa bakora. Ukali huo ulikuwa na sababu. Katika Kiarabu qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Ulimi ukiteleza kidogo, maana huanguka.

Mwaka 1890 Mafia ilitoka katika milki ya Sultani wa Unguja ikaingia mikononi mwa Wajerumani. Makao yao yalikuwa Chole, na mwaka 1913 yakahamishiwa Kilindoni. Walitawala kwa Kiswahili zaidi kuliko kwa lugha yao, walakini walituachia neno shule. Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa, wakakifanya kituo cha kuiwinda manowari Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Lugha yao nayo ilikuwa imekwisha kuipa Unguja neno skuli. Maneno haya mawili ni ushahidi wa tabia ya ulimi wa pwani: humpokea mgeni, lakini humvika vazi la nyumbani. Neno halipendi kuishia na konsonanti, kwa hiyo huongezewa irabu. Ndivyo tulivyopata dereva, benchi na blanketi.

Tabia hiyo, iliyo neema kwa Kiswahili, ni kikwazo kwa mwanafunzi wa Kiingereza. Si kwamba mtoto wa Mafia hana akiba. Sauti za th na dh, zinazowasumbua wengi duniani, anazo tayari katika thelathini na dhahabu. Taabu yake iko kwingine. Kiswahili kina irabu tano tu, na Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na zipatazo ishirini, zile za mwambatano zikiwamo. Kwa hiyo ship na sheep, yaani merikebu na kondoo, huwa neno moja kinywani mwake. Bad na bud vivyo hivyo. Tena mkazo wa Kiswahili hukaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini ule wa Kiingereza huhamahama, na silabi zisizo na mkazo humezwa hata zikakaribia kutosikika.

Mambo kama haya yalitaka mwalimu wa kinywa, kama yule wa chuoni. Lakini Kiingereza kilifika visiwani zaidi kwa kitabu kuliko kwa sauti, na maandishi yake ni kiongozi asiyeaminika, maana herufi zile zile husomwa kwa njia nyingi. Kipimo nacho kilitoka mbali. Kamusi ya matamshi ya Daniel Jones, iliyochapishwa mwaka 1917, ilifuata usemi wa jamaa za kusini mwa Uingereza ambao wanaume wao walisomeshwa katika shule kubwa za bweni. Waingereza wengi wenyewe hawakusema hivyo, wala Waskoti na Waairishi waliokuja kufundisha Tanganyika. Mtoto alidaiwa sauti ambayo mwalimu wake hakuwa nayo.

Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kiliimarishwa kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Kiingereza kikabaki lugha ya masomo ya sekondari. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa zito. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza hana budi kuuliza swali la hesabu au la jiografia kwa lugha ambayo ulimi wake haukuizoea. Wenzake wakimcheka mara mbili, mara ya tatu hanyanyui mkono. Anayepotea hapo si msemaji wa Kiingereza peke yake. Pengine ni tabibu au mhandisi.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuiga lafudhi ya Mwingereza, na wako wasemao kwamba kuijali lafudhi ni utumwa. Chuo kinawajibu wote wawili. Kilidai usahihi pale maana ilipokuwa hatarini, lakini mtu wa Kanga au wa Jibondo aliyesoma kwa tajwidi hakuacha usemi wa kwao alipokwenda minazini au baharini. Mwaka 1949 David Abercrombie wa Edinburgh aliandika maneno yaliyo karibu na hayo: kwamba wanafunzi wengi wanahitaji matamshi yanayofahamika bila taabu, wala si zaidi.

Basi mwalimu na aanze na irabu zinazotenga maana na mkazo unaobeba neno, ayafunze kwa sikio kabla ya jicho, na asahihishe bila dhihaka. Yaliyosalia ni alama ya nyumbani kwa msemaji, na mtu hana sababu ya kuona haya kwa nyumbani kwao.