Ua la Usambara, jina la Mjerumani

Nilipotea kidogo, si mnajua TP inavyobana. Nimerudi kampasi juzi nikiwa na deni moja, acha niwasimulie.

Nilipangiwa shule moja huko kwetu Muheza. Siku hiyo nafundisha historia kidato cha pili, mada ni ukoloni wa Wajerumani. Kunogesha somo nikatoa mfano wa jirani: mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani pale Tanga, "aligundua" ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Wajerumani wa kawaida wanaliita Usambaraveilchen. Leo limejaa kwenye madirisha ya watu Ulaya na Marekani.

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani yeye ndiye aliyelipanda?"

Darasa zima kicheko. Nikacheka nao, lakini jibu sikuwa nalo. Nikasema tutaliangalia kipindi kijacho. Jamani, TP ikaisha bila kuliangalia.

Basi wiki hii nimejichimbia maktaba. Kumbe ua hili halina mbochi, yale maji matamu ambayo nyuki hufuata. Lina chavua tu, tena imefungiwa ndani ya vifuko viwili vya njano. Nyuki wa asali, huyu wa mzingani, hana ujuzi wa kuitoa. Anayeweza ni nyuki wa porini kama Amegilla, ambaye kila jike hujichimbia kiota chake mwenyewe ardhini. Anakumbatia vile vifuko, anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, vzzzz, chavua inamwagika.

Lakini nyuki huyo haishi kwa chavua peke yake. Mbochi anautafuta kwenye maua mengine ya msituni. Kwa hiyo ukifyeka msitu, umeliondolea ua kivuli na umemnyima nyuki chakula, vyote kwa mpigo mmoja.

Kule madirishani hawana shida hiyo. Wanachomeka jani kwenye udongo, linatoa mizizi, mche mpya huo. Hapo ndipo nilipoogopa: ua linaweza kujaa dunia nzima huku kwao linaisha, na asishtuke mtu.

Kwa hiyo mdogo wangu, hapana, hakulipanda. Alilikuta. Nyuki walikuwa wameshalihudumia miaka na miaka kabla meli yoyote ya Wajerumani haijatia nanga Tanga. Neno "aligundua" nililiandika mimi ubaoni, kwa mkono wangu, na watoto wote wakanakili kwenye madaftari. Ndilo deni lenyewe.

Likizo nikienda nyumbani nitapita pale shuleni, nimwombe mwalimu wao dakika kumi tu. Wadau wa historia, ninyi mngemjibuje yule binti?

Tuko pamoja.